Kibao cha Shaba

Katika mji huu wa mvua na mawe meusi, Todmorden,
ukijiita daktari wa mifugo bila cheti,
hata wa paka mmoja, utashtakiwa.
Lakini mhasibu?
Amka asubuhi, nunua kalamu: u mhasibu.
Hakuna wa kukuuliza.

Mimi niliulizwa. Mitihani kumi na minne,
miwili nikairudia, mmoja mara tatu,
hadi mchumba akachoka kunisubiri.
Nina kibao cha shaba mlangoni,
na kila Ijumaa nakipangusa
kwa kitambaa kisicho na kazi nyingine.

Ng'ambo ya mfereji, Maureen Thackray
alishika hesabu za nusu ya mji kwenye meza ya jikoni,
kati ya buli la chai na paka,
miaka thelathini na minane.
Kinyozi, mwezeka mapaa, kwaya ya Wamethodisti,
Bwana Iqbal wa mazulia, aliyemlipa
nusu pesa, nusu mayai.
Mbele ya wenzangu nilimwita Bibi Kujumlisha.
Wakacheka. Nami nikacheka, nikihesabu kimoyomoyo
wateja alio nao yeye, na nilio nao mimi.

Macho yake yalipofifia, aliniita.
Madaftari yote yalikuwa ndani ya makopo ya biskuti.
Nilitafuta kosa kama mtu aliyedondosha sarafu: kwa magoti.
Mwezi mzima, hakuna senti iliyopotea.
Kila risiti na mwenziwe. Hata stempu.

Kisha nikamfikia Barry Ogden, muuza chipsi.

Mauzo yake yalivuka kizingiti cha kodi
miaka miwili iliyopita, mwezi Machi,
yakapita bila hodi,
naye Maureen akayajumlisha kila wiki kwa wino wa bluu,
jumla sahihi
ya jambo lisilo sahihi.
Pauni elfu kumi na moja, mia tatu na kumi na mbili.
Faini bado.

Njiani kwenda kwake nilinoa ulimi.
Elimu ni bahari, ningemwambia,
nawe ulivua viatu tu, ukadhani umeogelea.

Halafu, pale darajani, nikamkumbuka Giles Penhallow wa Leeds,
aliyetufundisha somo la maadili,
mwenye herufi nyingi baada ya jina kuliko jina lenyewe.
Pensheni za wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi
alizitafuna mpaka pindo.
Cheti hakikumkosa. Kilikuwa na fremu.
(Chama kilimfukuza, kweli.
Yeye walau alikuwa na pa kufukuzwa.)

Maureen alinisikiliza, mkono juu ya paka.
"Kizingiti kilishushwa lini?"
"Hakikushushwa. Barry ndiye aliyepanda."
Buli likapoa.
"Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi," alisema.
"Wangeuliza, ningewaambia sina."
Nilijua angewaambia.

"Na wewe ukikosea, nani hulipa?"
"Nina bima. Chama kinanilazimisha."
"Aa," akasema,
kama mtu aliyeonyeshwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe,
chumba ambacho hajawahi kukiingia.

Hotuba yangu ilikuwa bado mdomoni, imeganda.
Akainuka, akapapasa kabati, akashuka na kijitabu cha hundi
na kusema nimsomee tena zile tarakimu, polepole.
Nikamwambia si lazima, Barry anaweza kuandika barua,
zipo njia, ningemsaidia.
"Soma."

Nikasoma.
Kabla kikokotoo changu hakijawaka
alikuwa amekwisha kuzigawa kwa pensheni yake:
"Mia mbili na arobaini kila mwezi. Miezi arobaini na saba.
Salio thelathini na mbili."
Akatabasamu kidogo. "Nina miaka themanini na moja.
Hilo, kijana, huhitaji cheti kulijumlisha."

Nililikagua jibu lake garini, mara mbili,
vioo vimejaa ukungu.
Thelathini na mbili.